Mahindi yaleyale, sahani bora: mwongozo wa chakula cha mchana kwa shule za kutwa

Shule ya kutwa ikiamua kuboresha lishe, mara nyingi kazi ya kwanza huwa kuandika barua kwa mfadhili. Barua iandikwe, haina ubaya. Ila majibu yake hukawia, na huku nyuma watoto wanaendelea kula makande ya maji ambayo harage hutafutwa kwa kijiko, tena saa nane mchana vipindi vikiwa vimekwisha. Mwongozo huu ni wa mwalimu mkuu, mwalimu wa chakula, kamati ya shule na wazazi ambao tayari wana sufuria motoni, hata kama ni mara tatu tu kwa wiki. Ninachoshikilia ni hiki: lishe nyingi ya shule hupotea kati ya shamba la mzazi na sahani ya mtoto, na kuiokoa hakuhitaji fedha nyingi mpya. Kunahitaji mizani, daftari na mpishi anayesikilizwa.

Mifano mingi nitaitoa Dodoma na Singida, nyanda kame zenye msimu mmoja wa mvua. Wa Mbeya, Kagera au Tanga atabadilisha mazao, hesabu zitabaki.

Hatua ya 1: Pima kinacholiwa sasa

Wiki moja inatosha. Kila asubuhi, kabla mahindi hayajatoka stoo, yapime kwa mizani ya kilo. Debe halifai kwa kazi hii, maana debe la kujaza kichuguu na debe la kufyeka juu hutofautiana kilo kadhaa. Pima maharage, pima mafuta. Halafu hesabu watoto waliokula kweli, siyo walioandikishwa. Gawanya.

Shule ikitoa kilo 30 za mahindi kwa watoto 400, kila mmoja anapata gramu 75, na hapo hakuna haja ya mjadala juu ya vitamini. Watoto wana njaa. Ikitoa kilo 50 na bado wanalalamika, tatizo liko kwingine: upakuaji, chakula kisichoiva, au kiasi kinachoondoka stoo bila kufika jikoni. Bila namba, kikao cha wazazi kitageuka ugomvi kati ya wanaosema watoto hawashibi na walimu wanaosema wanashiba.

Katika wiki hiyohiyo simama mwisho wa foleni. Angalia nani anafikiwa sufuria ikiwa imebaki ukoko. Mara nyingi ni watoto wa awali na darasa la kwanza, waliosukumwa na wakubwa. Hilo linatibika siku hiyohiyo: wadogo wapakuliwe kwanza, na upawa uwe mmoja kwa wote wa rika moja.

Hatua ya 2: Fanyeni hesabu ya mwaka, mchango ukusanywe wakati wa mavuno

Kipimo cha kuanzia ninachokipendekeza kwa mtoto mmoja kwa siku ni gramu 120 za mahindi, gramu 40 za maharage au jamii nyingine ya kunde, na gramu 5 za mafuta. Mlo huo una takriban kalori 600 na protini karibu gramu 20, yaani kama theluthi ya nguvu anayohitaji kwa siku mtoto wa madarasa ya chini.

Mwaka wa masomo una siku 194. Kwa mtoto mmoja, hiyo ni kilo 23 na robo za mahindi, kilo 7 na robo tatu za maharage, na mafuta yanayozidi kidogo lita moja. Ongeza sehemu moja kwa kila kumi kwa ajili ya upungufu wa stoo na nafaka mbovu mtakazochambua, utafika karibu kilo 26 za mahindi na kilo 8 na nusu za maharage. Kwa shule ya watoto 400, kabla ya nyongeza hiyo, ni magunia 93 ya kilo mia ya mahindi na magunia 31 ya maharage. Namba ya shule nzima huogopesha kikao. Namba ya mtoto mmoja huzungumzika, kwa hiyo anza na hiyo. Mzazi akisikia kwamba mafuta ya mtoto wake ya mwaka mzima ni lita moja na kidogo, maswali hupungua.

Kosa kubwa zaidi ninaloliona katika ukusanyaji ni tarehe. Shule hufunguliwa Januari, basi mchango nao hudaiwa Januari. Mwezi huo ghala za nyumbani zinaelekea kuisha, shamba linataka mbegu na vibarua, na sare na madaftari vimeshamaliza fedha. Bei ya mahindi nayo iko juu. Sogezeni mchango uwe Juni hadi Agosti, mahindi yanapotoka shambani, na mhesabu mwaka wenu wa chakula kuanzia Julai hadi Juni. Mwaka wa kwanza utakuwa na pengo la miezi sita ya mwanzo. Lizibeni kwa mchango mdogo wa mpito au kwa kupika siku chache zaidi, lakini msirudi Januari.

Pokeeni kile ambacho mzazi analima. Mtama ni chakula kizuri, na kunde, choroko, mbaazi na njugu mawe zinashika nafasi ya maharage bila kupungukiwa, tena maeneo kame hupatikana kwa urahisi zaidi. Anayelima alizeti alete alizeti, shule ibadilishane na mafuta kwenye mashine ya kukamulia iliyo karibu. Asiye na shamba alipe fedha kwa bei ya sokoni ya mwezi huo, iandikwe ukutani.

Makubaliano yapite mkutano mkuu wa kijiji, mtendaji akiwepo na muhtasari ukiandikwa. Tangu elimu bila malipo ilipoanza 2016, chakula cha shule za kutwa kimebaki kuwa jambo la wazazi na jamii kukubaliana, na mtoto hafukuzwi wala hanyimwi masomo kwa sababu ya mchango. Mimi nasema asinyimwe na sahani pia. Deni la mzazi lidaiwe kwa mzazi kupitia kitongoji, na kaya zisizo na uwezo zitajwe mapema na halmashauri ya kijiji ili mgao wao uingizwe kwenye hesabu ya wote. Mtoto anayekaa chini ya mti akiwatazama wenzake wanakula hajifunzi kitu mchana huo.

Mjini mambo ni mengine kidogo, kwa kuwa wazazi hulipa fedha taslimu na nafasi ya jiko ni finyu. Nairobi, kupitia mpango wa Dishi na County ulioanza 2023, chakula hupikwa katika majiko makubwa ya pamoja na kusambazwa shuleni. Mzazi analipa shilingi tano za Kenya kwa sahani. Bei hiyo inawezekana kwa sababu gharama iliyobaki inabebwa na serikali ya kaunti na washirika wake. Kata moja ya Dar es Salaam yenye shule tatu jirani inaweza kuiga jiko la pamoja, isiige bei.

Hatua ya 3: Stoo kwanza, halafu jiko

Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumukuvu. Sumu hiyo hutengenezwa na aina za kuvu zinazoota kwenye mahindi na karanga zisizokauka vizuri. Haina ladha wala harufu, inaweza kuwemo kwenye punje isiyoonesha ukungu, na moto wa jikoni hauimalizi. Ikiingia mwilini kidogo kidogo kwa muda mrefu huharibu ini. Kwa hiyo stoo ya shule, inayolisha watoto mamia kwa nafaka za kaya mamia, inastahili ukali kuliko ghala la nyumbani.

Siku ya kupokea mchango, awepo mtu wa kukataa. Chukua chupa kavu ya plastiki, tia konzi chache za mahindi na vijiko viwili vya chumvi kavu, tikisa dakika moja, acha itulie. Chumvi ikigandia ukutani mwa chupa, mahindi bado yana unyevu mwingi. Mzazi ayarudishe juani, juu ya turubai na siyo juu ya udongo. Kiwango kinachotakiwa ni unyevu usiozidi asilimia 13.5, na afisa ugani mwenye kipima unyevu atakusaidia kuthibitisha shehena kubwa. Punje zilizovunjika, zilizosinyaa, zilizotobolewa na wadudu au zilizobadilika rangi zichambuliwe na kutupwa. Kuchambua tu hupunguza sumukuvu kwa kiasi kikubwa. Mabovu hayo msiwape kuku wala ng'ombe, kwani sumu hupita na kuingia kwenye maziwa na mayai.

Magunia yakae juu ya chaga, mbali na ukuta kiasi cha mtu kupita. Mkiweza, nunueni mifuko ya kinga njaa, ile yenye tabaka mbili za plastiki ndani: ikifungwa vizuri hewa huisha, wadudu hufa, na hakuna haja ya dawa. Bei yake iko juu ya mfuko wa kawaida lakini hutumika zaidi ya msimu mmoja kama haikutobolewa. Mahindi mabichi hayawekwi humo kabisa, yataoza yakiwa yamefungwa. Panya nao wapewe kazi ya paka na matundu yaliyozibwa. Sumu ya panya haina nafasi ndani ya stoo ya chakula.

Cha zamani kitoke kwanza. Ufunguo uwe kwa watu wawili.

Hatua ya 4: Jikoni

Hapa ndipo penye faida kubwa kuliko zote, na ndipo kamati nyingi hazifiki kabisa kwa kudhani upishi ni kazi ya mama wapishi peke yao.

Nikilazimishwa kuchagua mlo mmoja wa shule yenye watoto wengi, nachagua makande. Ugali wa watu 400 unachosha mikono, na mboga yake huishia kuwa mchuzi wa rangi tu. Makande hupikwa pamoja, kila upawa una nafaka na kunde ndani yake. Mahindi yamepungukiwa na laisini, mojawapo ya viungo vya protini, na maharage yanayo tele. Ndiyo maana uwiano wa mahindi matatu kwa maharage moja kwa uzito una thamani kuliko kuongeza mahindi.

Kwa watoto 100: mahindi kilo 12, maharage kilo 4, mafuta nusu lita, vitunguu kilo 1, nyanya kilo 2 zikipatikana, mboga za majani kilo 5, karanga zilizosagwa kilo 1, chumvi isiyozidi gramu 200.

Loweka mahindi na maharage kila kimoja chombo chake jana yake saa kumi jioni. Asubuhi mwaga maji hayo, osha, anza na maji mapya. Kuloweka kunafanya kazi tatu: kunapunguza muda wa moto, kunapunguza gesi tumboni, na kunapunguza faiteti, kemikali ya asili kwenye nafaka na kunde inayozuia mwili kufyonza chuma na zinki. Wapishi wengi huweka magadi ili maharage yaive haraka. Nawaelewa, kuni ni shida, lakini magadi huua vitamini B1. Ukiloweka usiku kucha huyahitaji. Maharage yachemke kwa nguvu tangu mwanzo. Yaliyopikwa kwa moto wa kuvizia na kubaki magumu yana sumu ya asili inayotapisha watoto.

Mahindi yakishapasuka, kaanga vitunguu na nyanya kwa mafuta yote pembeni, changanya, tia karanga. Mboga za majani zioshwe kwanza ndipo zikatwe, na ziingie dakika kumi za mwisho. Mchicha, matembele, majani ya kunde, majani ya maboga, chochote cha kijani kilichokolea. Kisamvu ndicho pekee hakifuati sheria hiyo: kitwangwe na kuchemshwa muda mrefu bila kufunikwa, peke yake, kwa sababu mbichi kina sumu. Mafuta yaliyomo ndiyo yanayousaidia mwili kuchukua vitamini A kwenye majani, kwa hiyo siku ambayo mafuta yameisha, na mboga imepoteza sehemu ya kazi yake. Kigoma, mawese mekundu yana vitamini A yenyewe. Yasiunguzwe mpaka yakawa meupe.

Chumvi iwe yenye madini joto, ihifadhiwe kwenye chombo chenye kifuniko, itiwe mwishoni.

Mara mbili kwa wiki weka dagaa. Gramu 10 za dagaa wakavu kwa mtoto, yaani kilo 4 kwa watoto 400, si nyingi kwa macho, lakini huliwa na mifupa yake, kwa hiyo inaleta kalisi, madini ya kujenga mifupa, pamoja na protini bora. Nunueni waliokaushwa juu ya chanja, siyo mchangani. Bei ya juu kidogo hulipwa na kilo ambazo hazikuwa mchanga. Waoshwe kwa maji ya moto, wakaangwe, wasagwe kidogo kwa kinu ikiwa watoto wa awali wanavitoa vichwa na kuvitupa.

Siku ya ugali, uwe dona. Sembe hupoteza kiini na pumba, na pamoja navyo sehemu kubwa ya vitamini B na chuma. Wazazi wengine huona dona ni chakula cha shida. Wapishi waonje la mahindi mapya, lililochambuliwa, halafu waamue. Kumbuka kwamba dona la mahindi mabovu ni hatari kuliko sembe yake, kwa kuwa kuvu hukaa sana kwenye pumba na kiini. Hatua ya tatu ikipuuzwa, ushauri huu haufai. Dona pia haliweki, lisagwe la wiki mbili tu.

Chai ya rangi pamoja na chakula iachwe, maana inazuia chuma cha maharage na mboga. Badala yake toeni kitu chenye vitamini C. Dodoma mnao ubuyu mpaka unauzwa nje: unga wake mweupe, ule usiochovywa rangi na sukari, ukorogwe kwenye maji safi yaliyochemshwa na kupoa. Usichemshwe. Kwingine embe, chungwa, pera au papai, kipande kwa mtoto, msimu unavyoruhusu.

Hatua ya 5: Sogezeni saa ya kula

Chakula cha saa nane hushibisha lakini hakisaidii hesabu za saa tano. Kwa kuwa nafaka imelowekwa, moto ukiwashwa saa kumi na mbili asubuhi makande yanaweza kuliwa saa tano au saa sita. Kama uwezo upo wa uji wa saa nne, vizuri zaidi. Unga wake uwe rahisi: mahindi au mtama sehemu tatu, soya sehemu moja, soya ikiwa imechemshwa na kukaushwa au kukaangwa kabla ya kusagwa, kwani soya mbichi huzuia mmeng'enyo wa protini. Unga wa nafaka kumi na mbili na karanga ndani yake, unaouzwa kwa sifa nyingi, huchacha upesi na ni mgumu kuukagua. Sioni sababu ya shule kuununua.

Hatua ya 6: Bustani, kwa matarajio ya kweli

Watoto 400 kwa gramu 50 za mboga ni kilo 20 kwa siku. Matuta manne nyuma ya choo cha walimu hayatoi hiyo. Bustani ya shule iwe ya mboga zinazochumwa mara nyingi, kama matembele, chainizi na kunde, pamoja na mipapai michache na viazi lishe vya rangi ya chungwa vyenye vitamini A. Maji ya kunawia mikono yaelekezwe huko. Kinachopungua kinunuliwe kwa akina mama wa kijiji wanaolima bondeni, au kila darasa lipewe siku yake ya kuleta fungu. Mboga ikipulizwa dawa, siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye kibandiko zihesabiwe. Na kazi ya jembe isile vipindi.

Hatua ya 7: Wapishi, moto, maji

Mpishi apimwe afya kabla ya kuanza, na baada ya hapo kila miezi sita. Alipwe kwa tarehe inayojulikana. Wapishi wanaolipwa kwa ukoko na ahadi ndio wanaobeba unga kwenye kanga, na sitawalaumu wao kwanza.

Serikali imeshaagiza taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 ziachane na kuni na mkaa. Ulizeni halmashauri kuhusu gesi au umeme wenye jiko la shinikizo, na mpaka yafike, jengeni jiko banifu, lile linalotumia kuni chache, lenye bomba la moshi. Macho ya wapishi yatashukuru. Vibuyu chirizi, yaani vyombo vya kunawia kwa maji yanayochirizika, viwe karibu na foleni ya chakula pamoja na sabuni, kwa kuwa watoto huleta sahani zao na wengi hula kwa mikono.

Hatua ya 8: Daftari na ubao

Kila siku andikeni mambo matatu kwenye ubao unaoonekana na mzazi anayepita: kilo zilizotoka stoo, watoto waliokula, na nani alionja. Mwalimu wa zamu aonje nusu saa kabla ya kupakua, na mzazi mmoja wa zamu awepo kila wiki. Mwisho wa mwezi kamati ihesabu magunia yaliyobaki na kulinganisha na daftari, na tofauti ielezwe kwenye kikao kinachofuata.

Mara mbili kwa mwaka, mwombeni mhudumu wa zahanati au afisa lishe wa halmashauri apime uzito na urefu wa watoto. Fanyeni hivyo Februari, njaa inapobana, na Agosti baada ya mavuno, mkiangalia zaidi watoto wa awali hadi darasa la tatu. Siku za kugawa dawa za minyoo zisiangukie wakati stoo imefungwa, kwa sababu minyoo ya safura hunyonya damu, na mtoto mwenye nayo anapoteza chuma ambacho maharage na mchicha vinajaribu kumpa.